Tupeane uzoefu: ulishindwa jioni, ukalala, asubuhi mikono ikaweza

Uzi Mweusi (mwanzisha mada)

Wagosi, na kina mama mliomo humu, salaam.

Nina miaka 34 na mwaka huu ndiyo kwanza nimekalia cherehani. Biashara yangu ya vipuri ilinifia mkononi. Mjomba ana kibanda Ngamiani, hapa Tanga, akaniambia njoo ukae hapa badala ya kuzurura mjini na baiskeli. Cherehani yenyewe ni ile nyeusi ya miguu. Aliyewahi kuijaribu anajua shida haipo kwenye sindano, ipo miguuni. Unakanyaga pedeli, gurudumu linakwenda mbele mara mbili tatu, kisigino kikichelewa kidogo tu gurudumu linarudi nyuma, uzi unajisokota kule chini na kukatika. Siku ya kwanza nilikata uzi mpaka mjomba akauchomoa kabisa, akanipa karatasi ya daftari nishone bila uzi, nifuate mistari. Nikaitoboa hovyo kama wavu ulioliwa na kaa.

Jioni nina hasira, miguu inawaka. Nikamwambia mimi nabaki hapa mpaka niweze. Mjomba akaanza kufunga mlango nikiwa bado nimekaa. "Kalale. Miguu imeshasikia, sasa iache ielewe."

Asubuhi nikakaa, nikakanyaga, ikaenda. Sikubadilisha kitu. Mstari wa kwanza wote, wa pili, wa tatu. Nikamgeukia mjomba anione, yuko nje anakunywa kahawa na wenzake, wala hana habari.

Ndipo nikaanza kusoma, na kumbe hili limepimwa. Mwaka 2002 Matthew Walker, Robert Stickgold na wenzao wa Harvard waliwachukua watu wanaotumia mkono wa kulia, wakawafundisha kubofya vitufe kwa vidole vya mkono wa kushoto, kwa mfuatano wa 4-1-3-2-4, haraka bila kukosea. Sekunde 30 kazi, sekunde 30 kupumzika, mara 12. Waliojifunza asubuhi na kupimwa usiku wa siku hiyohiyo hawakusogea kwa kiasi cha maana. Waliojifunza usiku, wakalala, wakapimwa asubuhi, kasi yao ilipanda kwa karibu asilimia 20 na makosa hayakuongezeka. Sasa hapa ndipo niliposoma mara mbili: lile kundi la asubuhi nalo lilipokwenda kulala, liliamka limepanda. Katikati ya kipimo na kipimo hawakuguswa na mwalimu yeyote.

Nataka visa vyenu vya mikono na miguu. Ngoma, mpira, mapishi, ususi, chochote. Vya mitihani ya darasani fungueni uzi wenu.

Rivasi Inanitesa

Mkuu umenikuta pabaya. Niko kwenye mafunzo ya gari, kesho napimwa. Kwenda mbele nakwenda. Kurudi nyuma katikati ya koni, leo nimeangusha nne. Shemeji ana pikapu, anasema ananipa leo usiku nikeshe nayo uwanjani. Nikeshe?

Uzi Mweusi

Usikeshe. Fanya saa moja, rudisha funguo, kalale. Utuletee majibu.

Mtupa Kimia

Mimi ni mtu wa Dodoma, bahari nimeiona nina ndevu. Kutupa kimia nilifundishwa Sahare na shemeji yangu. Kamba unaifunga kwenye kifundo cha mkono, sehemu ya wavu unaipandisha begani, ukingo mmoja unauuma kwa meno, unazunguka kiuno na kuachia vyote kwa pamoja. Cha shemeji kinafunguka hewani, kinatua mviringo kama sinia. Changu kilitua kama shuka limetupwa kwenye beseni. Watoto walikuwa wanasubiri zamu yangu ili wacheke.

Kilichonitisha ni usiku. Nikifumba macho tu, kimia kinafunguka. Nafumbua, giza. Nafumba, kimia tena. Nilidhani naanza malaria. Siku ya nne nilirusha, kikafunguka, sikupata hata dagaa lakini watoto walinyamaza.

Hili la kuona kitu ukifumba macho, wataalamu wanasemaje?

Uzi Mweusi

Hukuwa na malaria, mgosi. Mwaka 2000 Stickgold na wenzake waliwachezesha watu Tetris, ule mchezo wa kupanga matofali yanayoshuka. Wakati usingizi unawachukua, wengi walisema wanaona matofali yanadondoka. Kati yao walikuwemo watu ambao ubongo wao umeumia, hawawezi kutunza kumbukumbu mpya. Hawa hawakukumbuka hata kama wamewahi kuuona mchezo huo, lakini baadhi yao nao matofali waliyaona.

Na kuna panya. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walipima seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na mahali na kumbukumbu. Seli zilizowaka pamoja panya alipokuwa akizunguka, ziliwaka pamoja tena alipolala. Yaani mwili umelala, ila ndani njia inapitiwa upya. Sisemi kimia chako ndicho hicho hasa, panya hakuhojiwa. Ila mimi nikisoma hivyo nakuona wewe kitandani unarusha wavu.

Kipimo Sifuri

Ngano tupu. Miguu ilichoka, ikapumzika, ikaweza. Ungekaa barazani unacheza bao mpaka asubuhi ungeweza vilevile. Mnapenda kukuza mambo.

Uzi Mweusi

Hoja yako ina watu wazima nyuma yake. Timothy Rickard na wenzake wamebisha kwa namna hiyohiyo: sehemu ya ile nyongeza ni uchovu unaojikusanya wakati wa mazoezi na kuisha ukipumzika, sehemu nyingine ni jinsi hesabu ilivyopigwa. Kwa maoni yao usingizi unakilinda ulichojifunza zaidi ya kukiongeza. Mabishano hayo yapo na sitayaficha.

Lakini wale wa asubuhi walipumzika mchana kutwa, mikono haikuwa na kazi ya vitufe, na hawakupanda. Tena mwaka 2004 Reto Huber, Giulio Tononi na wenzao waliwafundisha watu zoezi la kuongoza mkono kufuata shabaha huku kompyuta ikiwapotosha kidogo. Usiku, mawimbi ya usingizi mzito yaliongezeka kwenye kile kipande cha ubongo kilichofanya kazi hiyo, si kichwa kizima. Na ambaye mawimbi yake yaliongezeka zaidi ndiye aliyeamka na mkono bora zaidi. Bao la barazani halikupi hayo.

Kipimo Sifuri

Kwa hiyo nimeshinda nusu.

Uzi Mweusi

Nusu ni yako, chukua.

Bibi Miyaa

Hamjambo wanangu. Nasomewa na mjukuu, naye ndiye anayeandika.

Mimi nimezaliwa Tongoni. Kusuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, nilianza nikiwa mdogo. Kusuka katikati si kazi, kila mtoto anaweza. Kazi ni pembeni, pale muwaa, lile jani la kusukia, unapogeuka kurudi. Ukiukaza sana ukili unajikunja kama mkia wa nguruwe, ukiulegeza unapata matundu. Nilikuwa nasuka na kufumua mpaka muwaa unachanika. Bibi yangu ikishaswaliwa Isha ananyang'anya, anaviringisha, anaweka juu ya dari. Nalia. Asubuhi nikishateka maji ndipo ananirudishia, na vidole vinageuza vyenyewe, mimi natazama tu kama vya mtu mwingine.

Msimsifu sana lakini. Hakuwa anajua mambo ya ubongo. Alikuwa anabana mafuta ya koroboi.

Uzi Mweusi

Shikamoo bibi. Hiyo ya koroboi imenichekesha hadi mjomba akaniuliza kuna nini.

Kuna jambo kwenye kisa chako naomba nilisimamie, la kulala mapema. Katika ule utafiti wa vidole, nyongeza ya kasi ilikwenda sambamba na usingizi unaoitwa hatua ya pili, hasa ule wa robo ya mwisho ya usiku. Ni usingizi wa kati, si mzito sana na si wa ndoto, na ndani yake ubongo unatoa vishindo vifupi vya umeme, mipigo kama 11 hadi 16 kwa sekunde, kishindo kimoja hakizidi sana sekunde mbili. Sasa piga hesabu ya usiku wetu. Ukilala saa sita ukaamka na adhana ya alfajiri, robo uliyokatwa ndiyo hiyo hasa. Mtoto aliyenyang'anywa miyaa baada ya Isha akalala saa tatu, adhana inamkuta amekwisha kuvuna. Swala haina kosa. Kosa ni simu ya saa tano usiku, na hapo najisema mwenyewe.

Kipa Mstaafu

Nafundisha vijana wa mtaa, ndoto yao wote ni kucheza uwanja wa Mkwakwani. Mazoezi wanafanya jioni, nawafundisha makipa kuanguka upande wa kushoto, upande ambao wengi wanauogopa. Halafu usiku wanakwenda banda la mpira kuangalia Ulaya, wanatoka saa saba. Kesho yake tunaanza upya. Wawili ambao mama zao hawawaruhusu kutoka, hao wanasogea. Nilidhani ni nidhamu tu.

Kuna utafiti huu wa chuo kikuu cha Stanford wa 2011, wachezaji 11 wa mpira wa kikapu. Wiki tano hadi saba walilenga kukaa kitandani kwa muda wa saa 10 kila usiku. Mitupo yao ya adhabu iliingia zaidi kwa asilimia 9, na mbio zao za kupimwa zikashuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5. Ni wachache, na hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha, kwa hiyo siibebi kama msahafu. Ila nimewaambia vijana: anayekwenda banda la mpira siku ya mazoezi anakaa benchi. Wamenuna wote.

Zamu ya Usiku

Mimi nina kisa cha upande wa pili.

Nilipata kazi ya ghala, zamu ya usiku. Nikafundishwa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, siku mbili tu. Gurudumu linalogeuka ni la nyuma, kwa hiyo ukikata kona mkia unatupwa nje, kinyume na gari. Mkono unatakiwa usahau gari. Mchana nilikuwa silali. Chumba changu Makorora bati halina dari, jua la Tanga linajulikana, jirani ana redio, mtoto wake ana filimbi. Siku tatu nimelala labda saa mbili mbili. Usiku wa nne nikageuza foklifti kama gari. Mkia ukafagia rundo la katoni za sabuni. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Mshahara wa mwezi ule ulikatwa, na sikubishana.

Jumapili nililala kama maiti, nikidhani nitafidia. Jumatatu mkono bado mgeni.

Uzi Mweusi

Pole sana mgosi. Kufidia ndiko kunakosumbua. Stickgold mwaka 2000 alikuwa na zoezi la macho, kutambua umbo lililofichwa kati ya vistari. Walionyimwa usingizi usiku wa kwanza baada ya kujifunza, halafu wakalala siku mbili zilizofuata wakashiba, walipopimwa hawakuonyesha nyongeza ambayo wenzao waliipata. Ni macho, si mikono, lakini nikikusoma wewe na katoni zako naona yanafanana.

Mama Mchanga

Nina mtoto wa wiki tano, na nimeanza kujifunza kufuma kwa sindano moja. Usiku naamka mara nne. Kwa hiyo mimi basi tena?

Bibi Miyaa

Akilala naye lala, mwanangu. Vyombo vitaoshwa na mwingine.

Uzi Mweusi

Bibi amemaliza. Niongeze tu kwamba usingizi wa mchana nao umepimwa: Masaki Nishida na Walker, 2007, watu walijifunza mfuatano wa vidole, wengine wakalala mchana, wengine wakabaki macho. Waliolala ndio walioboreka. Kulikuwa na vile vishindo vya umeme nilivyosema, zaidi upande wa ubongo uliojifunza.

Mzaha Mwingi

Mimi nimelala siku ya tatu sasa na kupika chapati bado sijui.

Mtupa Kimia

Ulishawahi kukanda unga?

Mzaha Mwingi

Hapana.

Rivasi Inanitesa

Nimerudi. Pikapu niliitumia saa moja, nikamrudishia shemeji funguo, akanishangaa. Nikaweka neti, nikazima simu. Asubuhi nilitaka nijaribu kwanza, nikaogopa kujiharibia.

Nimeangusha koni moja. Ya mwisho kabisa, nilishaanza kutabasamu. Mpimaji kasema nirudi Jumatano.