Tupeane uzoefu: baada ya kusoma pamakalcha, uliifikishaje kwa wakulima wa kipato cha chini?

Mtandazaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Najua wengi humu mmepita kwenye kozi ya usanifu wa pamakalcha (kupanga shamba na makazi kwa kuiga asili), ile ya saa 72 inayofuata mtaala wa Bill Mollison, aliyeasisi fani hii pamoja na David Holmgren huko Australia miaka ya 1970. Unachora ramani yako, unaiwasilisha, unapewa cheti, mnapiga picha ya pamoja. Kinachofuata ni kusimama mbele ya watu wenye nusu eka, jembe la mkono na deni la mbegu, nao wanakutazama tu.

Uzi huu ni wa hayo yanayofuata. Nadharia tumeshiba. Ulianza na nini? Nani alikusikiliza? Ulipoondoka, nini kilibaki shambani?

Nafungua mimi. Yale maadili matatu, kuitunza ardhi, kuwatunza watu na kugawana ziada, sijawahi kuona mkulima akiyabishia. Ubishi unaanzia kwenye kazi. Mtaro wa kontua, ule unaokata mteremko kwa usawa ili kuzuia maji, ni udongo wa kuhamisha kwa mikono, na unachimbwa kiangazi, wakati uleule ambao watu wanatoka kutafuta vibarua. Ukimwambia mtu achimbe kwa ajili ya mvua ijayo, unamwomba aache ujira wa leo. Ndiyo maana siku hizi mitaro naiweka mwisho. Naanza na tuta moja lenye matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, na tuta jirani lisilo na kitu, mbegu ileile, siku ileile ya kupanda. Mvua ikikatika kidogo, namwomba mwenye shamba achokonoe kwa kidole tuta hili na lile. Baada ya hapo maswali yanatoka kwake, mimi najibu tu.

Fremu_A

Mkuu umesema kweli, ila mitaro usiisukume mbali kiasi hicho. Kwenye miteremko ninakofanyia kazi, bila kuzuia maji matandazo yenyewe yanasombwa na mvua ya kwanza.

Kilichonifungulia milango ni kile kipimo cha usawa chenye umbo la A. Fito mbili zenye urefu sawa, ya tatu inakatiza katikati, kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka kileleni. Unakisimamisha, unatia alama pale kamba inapogusa ufito wa katikati, unageuza miguu, unatia alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Hakuna cha kununua, na mtoto wa shule anakitengeneza. Watu walipoona kwamba wanaweza kujipimia mstari wa kontua wenyewe bila mtaalamu, nguvu ya kuchimba ikapatikana. Walichimba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Sasa kisa chenyewe. Tulikuwa tumeshapigilia vigingi vya mstari wa juu, mzee mmoja akasema hapana, maji ya hapa hayatoki shambani, yanatoka barabarani. Tukapanda naye hadi juu. Kweli, barabara ya udongo ilikuwa inakusanya maji ya kilima kizima na kuyamwaga kwenye kona ya shamba lake. Mtaro wetu ungejaa kwa mvua moja na kupasuka, na maji yangemwangukia jirani wa chini. Tukasogeza mstari, tukaweka tuta la kugawa maji pale kona, na kila mtaro tukauwekea mlango wa kutokea maji, wenye mawe na majani yaliyoshika ardhi. Kozini tunafundishwa kusoma sekta: jua linapita wapi, upepo unatoka wapi, moto na maji vinaingilia wapi. Mzee yule sekta zake anazijua tangu utotoni. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza kabla ya kupigilia vigingi.

Na kwa wageni wa fani: mteremko ukiwa mkali sana, au udongo unaporomoka, usichimbe mtaro wa kuhifadhi maji. Unalowesha kilima kutoka ndani. Hapo panda miti na majani ya kushika ardhi kama vetiva.

JembeButu

Mimi ni mkulima, sina cheti. Nawasoma nyie walimu nacheka kidogo.

Matandazo, matandazo, kila semina matandazo. Mnayatoa wapi? Mabua ya mahindi yakishavunwa yanaingiliwa na ng'ombe. Mengine yanakuwa kuni. Huko ambako mifugo inaachiwa baada ya mavuno, shamba lako ni malisho ya watu wote hadi mvua irudi. Ukifunika tuta lako vizuri, umewaandalia karamu. Ametufundisha mtu mmoja wa mradi, kijana mzuri, anajua kuongea, lakini hilo swali tulipomuuliza alifungua ukurasa mwingine.

Mtandazaji

@JembeButu hilo ndilo swali lenyewe, na halijibiwi kwa ukurasa. Tulivyofanya sisi: matandazo ya shamba kubwa tuliyasahau kabisa. Tulianza na bustani ya karibu na nyumba, inayolindwa na macho ya watu. Kwenye mipaka tukapanda vichaka vya kukatwa mara kwa mara, glirisidia na alizeti mwitu, majani yake yanarudi bustanini. Ng'ombe hawaikimbilii sana alizeti mwitu, na inachipua haraka ukiikata.

Shamba kubwa tukalipa matandazo hai: kunde na ngwara zinazotambaa kati ya mistari ya mahindi. Zinafunika ardhi mvua ikiwa inanyesha, na zikishavunwa mifugo ikila masalia hakuna ugomvi. Wenye ng'ombe tuliwaita kikaoni, si kuwakataza bali kupatana nao: mifugo ilale mashambani kwa zamu, samadi ibaki humo. Wengine walikubali, wengine hawakukubali hadi leo.

JembeButu

Hapo sawa. Hilo la kulaza ng'ombe kwa zamu nalichukua.

Bibi Kitalu

Hamjambo wanangu. Mimi nafanya kazi na vikundi vya akina mama, nimeingia kwenye pamakalcha ukubwani.

Nawaomba mzitazame vizuri zile kanda. Kanda 0 ni nyumba, 1 ni pale unapopita kila siku, unakwenda hivyo hadi 5 ambayo ni pori lisiloguswa. Kwenye karatasi ni miduara mizuri. Mimi karatasi nimeiacha. Tunachora chini kwa majivu, vijiti na mawe. Siku moja niliwatenga, wanaume wachore lao na wanawake lao, shamba lilelile. Wanaume wakachora mipaka, miti na zizi. Wanawake wakachora njia: ya kisimani, ya kuni, ya chooni, ya kwa jirani. Tulipoziweka pamoja ikaonekana wazi kwamba kanda 1 ya mama ni ile njia ya maji, mguu wake unapita hapo asubuhi na jioni. Mboga zikahamia huko, pembeni mwa njia. Zilikuwa zimepandwa nyuma ya zizi kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, na hakuna aliyekuwa anazimwagilia.

Maji yaliyoogewa na ya kuoshea vyombo tunayaelekeza kwenye shimo la mboji lililozungushiwa migomba. Hayo ya paa pia tunayapigia hesabu, kwa maana akina mama wanapenda hesabu wanayoweza kuihakikisha: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 25, zimeshuka lita 1,000, toa kidogo zinazoruka na kuvuja. Ukisema hivyo mbele ya mtu anayebeba ndoo kichwani, huna haja ya kushawishi zaidi. Pipa lifunikwe tu, tusije tukafuga mbu.

La mwisho, na hili litawaudhi wenye miradi. Posho inaua mafunzo. Watu wanakuja kusaini, wanakula, wanaondoka, na wanaokuja ni walewale wenye nafasi ya kukaa. Mimi sitoi posho. Nafundisha shambani kwa mmoja wao, jioni, kazi ya mwenye shamba ikiwa inafanyika palepale. Wanakuja wachache. Wanaokuja wanarudi.

Mpangaji

Shikamoo Bibi. Naomba niseme upande ambao hautajwi kabisa: sisi tusio na ardhi.

Nakodi shamba kwa msimu. Nilipokuwa kozini kila somo lilikuwa miti, miti ya miaka kumi, msitu wa chakula wenye tabaka saba. Mwenye shamba wangu hataki kusikia mti. Na ana sababu, sehemu nyingi kupanda mti ni dalili ya kudai umiliki. Na ukiurutubisha udongo, msimu ujao kodi inapanda au anachukua shamba lake. Limewakuta watu ninaowafahamu.

Kwa hiyo nimejisanifia mfumo wa kuhama nao. Mboji natengeneza nyumbani, naipeleka shambani kiasi cha shimo kwa shimo, simwagi shamba zima. Mbaazi badala ya miti: inasimama kama kichaka, inarutubisha, inapukutisha majani, inatoa chakula, na ukiambiwa ondoka umeshavuna. Miche ya matunda iko kwenye mifuko. Mwenye shamba nimemwomba tuandikiane makubaliano ya misimu mitatu mbele ya mashahidi, na mimi nichimbe makinga maji kama sehemu ya kodi. Alisita, akakubali miwili. Naona tunaofundisha tungeanza na swali "hili shamba ni la nani?" kabla ya kuuliza mvua inanyesha kiasi gani.

Fremu_A

Aisee. Mpangaji, hilo la makinga maji kuwa sehemu ya kodi sijawahi kulisikia. Limenifaa.

Ugani Mstaafu

Vijana, mnaongea vizuri. Niongeze mawili matatu ya mtu aliyezeekea kazini.

Kwanza, msiende na lugha ya kwamba mmegundua kitu. Mengi ya pamakalcha yalikuwa mikononi mwa wakulima kabla ya jina hilo kuwepo. Kule Burkina Faso, Yacouba Sawadogo alichukua mashimo ya zai ya wazee wake, akayapanua, akayajaza samadi wakati wa kiangazi. Shimo lina upana wa sentimita 20 hadi 30. Samadi inaita mchwa, mchwa wanaifungua ardhi iliyokauka kama saruji, na mvua ya kwanza inazama badala ya kukimbia. Akaotesha msitu humohumo. Walimcheka kwanza, baadaye wakaenda kujifunza. Niger nako, tangu miaka ya 1980, wakulima waliacha kung'oa visiki vya miti ya asili, wakawa wanachagua machipukizi na kupogolea, na miti ikarudi kwenye takriban hekta milioni 5. Hawakununua mche. Tony Rinaudo, aliyeisukuma kazi hiyo, alikuwa amehangaika kwanza na kupanda miche, mingi ikafa. Nikifika mahali siku hizi naanza kwa kuuliza visiki viko wapi.

Pili, na hapa nitabishana na yeyote. Usimwambie mtu wa kipato cha chini aache mbolea ya dukani ghafla. Udongo uliochoka haupati uhai kwa msimu mmoja wa mboji, na mboji yenyewe haitoshi shamba zima. Akikusikiliza akavuna nusu, umemnyima chakula, na jina la kilimo hai umeliharibu kwa miaka. Apunguze sehemu moja ya shamba, aone, aendelee. Ukiwa na mshahara unaweza kujaribu lolote. Yeye anajaribu na chakula cha watoto.

Tatu, chungeni mimea ya kuletwa. Lusina inasifiwa sana na ni kweli inarutubisha, lakini ikiachwa itoe mbegu inavamia. Ikatwe kabla haijakomaa, au isipandwe.

JembeButu

Mzee hapo kwenye mbolea umenikosha. Ongezeeni na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Kwangu kilichoshinda kiduha ni ile sukuma-vuta: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mahindi, mabingobingo kuzunguka shamba. Desmodiamu inafanya mbegu za kiduha ziote halafu zife kwa kukosa pa kushika, na harufu yake inafukuza kipepeo wa funza wa mabua, akatage kwenye mabingobingo. Ng'ombe nao wanapata majani. Shida ni mbegu ya desmodiamu, kuipata kazi. Tunagawana vipandikizi.

Mgeni wa Mboji

Habari zenu wakubwa. Nimemaliza kozi kwa mtandao. Sina shamba, sijawahi kufundisha mtu. Kuna kikundi cha wakulima wananikaribisha wiki ijayo. Niende na nini?

Mpangaji

Usiende na projekta.

Bibi Kitalu

Mwanangu, nenda na chupa tupu ya plastiki iliyo wazi, uione ndani. Waombe udongo wa mashamba mawili, wa mtu anayevuna vizuri na wa anayelalamika. Kila udongo ujaze theluthi ya chupa, weka maji karibu na mdomo, tikisa sana, acha itulie. Mchanga unashuka ndani ya dakika moja mbili, tope linafuata ndani ya saa chache, mfinyanzi unachelewa hadi kesho au zaidi. Mabaki ya majani yanaelea juu. Waache wenyewe wabishane chupa zikiwa zinatulia, wewe sikiliza wanachosema kuhusu hayo mashamba. Huko ndiko utakapopata somo la siku ya pili.

Ugani Mstaafu

Na chupa iwe yenye pande zilizonyooka, la sivyo matabaka yatakudanganya. Tia alama ya mchanga kwa kalamu mapema, kabla tope halijaanza kushuka. Zile chupa ziache kwao, usirudi nazo. Kesho yake ndipo mfinyanzi unaonekana.