Kuchangia PostgreSQL kwa laptopu ya RAM 4: VS Code, CLion au Vim na gdb?

kijana_wa_chuda
Wakuu habari za mchana. Niko hapa Tanga mjini, C naijua kiasi na nataka nianze kuchangia PostgreSQL yenyewe, ile programu ya hifadhidata, yani niingie mle ndani kwenye kodi sio kuitumia tu. Laptopu yangu RAM ni GB 4, Ubuntu, na bando nanunua la wiki kwaiyo kila MB naihesabu. Wengine wananiambia VS Code, wengine CLion, wengine edita ya Vim na gdb ya kutafutia makosa inatosha. Nichukue ipi? Alafu hizi zana za kujengea kodi, Meson na make ya zamani, tofauti yake nini?

Bint_Sahare
Karibu kaka. CLion iweke pembeni kwanza, ni nzuri kweli na siku hizi ni bure kama hufanyii biashara, ila ikianza kuusoma mradi mkubwa kama ule RAM yako itakwisha hujafungua hata faili moja. VS Code inaenda ila usijaze ekstensheni, weka clangd tu, inayousoma mradi wote na kukumbuka kila kitu kiko wapi, uipe -j=1 isile nguvu nyingi, iache ijisomee usiku ukiwa umelala. Asubuhi unabonyeza jina la fankisheni inakupeleka lilipoandikwa. Meson inakutengenezea yenyewe faili la compile_commands.json (orodha ya jinsi kila faili linavyokompailiwa) ambalo clangd inalihitaji, make haikutengenezei.

fundi_terminali
Kwa RAM 4 mi ningeiacha hata clangd. Ndani ya mradi kuna src/tools/make_ctags, skripti inayoorodhesha kila fankisheni iko wapi (ndo ctags), iendeshe mara moja, Vim itaruka kwenye fankisheni vizuri tu.

Ila jamani edita ndo kitu kidogo kuliko vyote, muda unaliwa na kukompaili na kutafuta kosa. Meson imeingia toka toleo la 16, mwaka 2023, make nayo bado ipo na inafanya kazi. Mi nachagua Meson sababu ikiikuta ccache (inayotunza matokeo ya kukompaili) kwenye mashine inaitumia bila kuambiwa, na ninja, inayoendeshwa na Meson, inakompaili kilichobadilika tu. Anza hivi:

meson setup build -Dcassert=true --buildtype=debug

Hiyo cassert usiiache, inakamata makosa ambayo bila yenyewe yanapita kimya kimya.

Sasa gdb, hapa ndo utaipenda hii kazi. PostgreSQL kila muunganisho una prosesi yake. Fungua psql (pa kuandikia maswali ya SQL), andika SELECT pg_backend_pid(). Upate namba, kwenye terminali nyingine piga sudo gdb -p na hiyo namba, sudo ni kwa sababu Ubuntu kwa kawaida haikuruhusu kuishika prosesi ya pembeni hata kama ni yako. Weka b errfinish (simama kosa likiripotiwa), alafu c (endelea). Rudi psql andika SELECT 1/0, itaganda. Kule gdb piga bt (orodha ya nani kamwita nani) utaona int4div, fankisheni ya kugawanya, na ukishuka kwenye orodha utaona imeitwa na plana (anayepanga swali litatekelezwaje), sio eksekyuta (anayelitekeleza)! Yani kosa limetokea wakati bado anapanga, kwa sababu namba zisizobadilika anazipigia hesabu mapema. Kitu hiki ungekisoma kwenye makaratasi wiki nzima, hapa umekiona kwa macho yako.

mzee_wa_raskazone
Vijana hamjambo. Mmesahau jinsi ya kutuma kazi. GitHub yao ni kioo tu, pul rikwesti hazipokelewi pale. Unatengeneza pachi (faili la mabadiliko yako) kwa git format-patch, unaiambatisha kwenye barua pepe kwenda pgsql-hackers, kundi la barua pepe la wasanidi, alafu unaiandikisha CommitFest, orodha ya pachi zinazosubiri kukaguliwa. Roboti yao inaichukua inaijaribu kwenye Linux, Windows, macOS na FreeBSD, wewe una laptopu moja tu ya Ubuntu ila umejaribiwa kote huko bure. Kabla ya kutuma pitisha pgindent, inaipanga kodi kwa mtindo wao. Na ushauri wangu, anza kwa kukagua pachi ya mwenzio, ichukue kwa git am, ijaribu, waandikie ulichokiona. Ukituma yako na wewe wanakutegemea ukague za wengine.

kijana_wa_chuda
Shikamoo mzee, asante sana. Nachukua Vim na ctags na Meson. Sasa bando, nikishusha kodi kwa git clone --depth 1 (hali ya mwisho tu) nitapungukiwa?

Bint_Sahare
Utapungukiwa kaka, historia yote inabaki kule, na git blame ndo inakuonesha mstari uliandikwa lini na kwa nini, meseji zao za komiti zimeandikwa vizuri mno. Usitumie bando kabisa. Mimi nina klona kamili (nakala yenye historia yote), nitaitoa kwa git bundle create pg.bundle --all nikuwekee kwenye flashi, jumamosi tukutane pale Tangamano. Nyumbani unapiga git clone pg.bundle, alafu unabadilisha origin (anwani ya kushushia) kwa git remote set-url iende kwenye seva yao, baada ya hapo unashusha mapya tu.

kijana_wa_chuda
Dada Mungu akubariki, saa nne nitakuwa pale. Na majaribio je, nayo ni mazito?

fundi_terminali
Yote kwa pamoja ndio. Anza na meson test -C build --suite setup --suite regress. Likifeli kitu fungua build/testrun/regress/regress/regression.diffs, mistari ya kujumlisha ndo ulichotoa wewe, ya kutoa ndo walichotegemea. Ukikwama ibandike hapa.