Ngiri ya kinena au ngiri ya paja: mnazitofautishaje kwa kupapasa?

Swali
Wakuu, naomba mwongozo. Tunafundishwa kwamba ngiri ya kinena iko juu ya ligamenti ya kinena (ukanda mgumu unaotoka mfupa wa nyonga hadi mfupa wa kinena), ya paja iko chini yake. Lakini mgonjwa akiwa mnene mkunjo wa ngozi unashuka, na uvimbe wa paja nao ukikua hujikunja kuelekea juu. Nianzie wapi? Na aina mbili za ngiri ya kinena, ya moja kwa moja na isiyo ya moja kwa moja, zinatofautishika kabla ya upasuaji?

Jibu la 1
Mkunjo wa ngozi usikuhangaishe, tafuta kinundu cha mfupa wa kinena. Kisiposhikika, mwambie mgonjwa abane paja kwa ndani huku mkono wako ukilizuia. Kuna kano itasimama kama kamba kwenye paja. Ifuate kwa kidole hadi inapoishia juu, kinundu kipo hapo. Sasa tazama *shingo* ya uvimbe, yaani pale unapotokea, maana sehemu yake iliyotuna hudanganya. Shingo ikiwa juu ya kinundu na upande wa ndani, ni ngiri ya kinena. Ikiwa chini yake na upande wa nje, ni ya paja.

Jibu la 2
Nijibu la pili. Mfereji wa kinena, yaani njia iliyo ndani ya ukuta wa chini wa tumbo, kwa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 4, na mlango wake wa ndani uko juu kidogo ya katikati ya ligamenti. Isiyo ya moja kwa moja hupita mlango huo, upande wa nje wa mishipa ya damu ya epigastriki ya chini (inayopanda kwenye ukuta wa tumbo), na inaweza kufika hadi kwenye mfuko wa korodani. Ya moja kwa moja husukuma ukuta wa nyuma uliolegea, upande wa ndani wa mishipa hiyohiyo. Wengi huziba mlango wa ndani kwa kidole na kumwambia mgonjwa akohoe. Jaribio hilo hukosea mno, usiandike utambuzi kwa kulitegemea peke yake.

Jibu la 3
Kosa la hatari ni kuikosa ya paja. Tundu lake halitanuki: mbele kuna ligamenti ya kinena, nyuma ligamenti iliyolala juu ya mfupa, upande wa ndani ukingo mkali wa ligamenti ya lakuna (ligamenti ndogo iliyo kwenye pembe ya ligamenti ya kinena na mfupa). Upande wa nje pekee ndiko kuna kitu laini, veni ya paja (mshipa unaorudisha damu). Utumbo ukinasa hapo hukabwa upesi. Tena ikinaswa sehemu tu ya ukuta wa utumbo, mgonjwa anaweza kuendelea kupata choo huku kipande hicho kinakufa. Kwa hiyo mwanamke mzee anayetapika, mpapase kinena hata kama hajalalamikia uvimbe; wakati mwingine ni kijivimbe kidogo kinachodhaniwa ni tezi. Kikiwa kigumu, kinauma na hakirudi ndani, usikisukume kwa nguvu. Mwite daktari wa upasuaji saa hiyohiyo.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Na busha je?

Jibu la 1
Shika juu ya uvimbe kwa kidole gumba na cha shahada. Vikikutana juu yake, uvimbe umetokea korodanini. Visipokutana, uvimbe unashuka kutoka kinena, uchukulie ni ngiri. Kumulika kwa tochi kuona kama mwanga unapita, kama kwenye busha, kusikutoshe kwa mtoto mchanga, utumbo wake nao hupitisha mwanga.