Je, niache kwenda kazini kwa baiskeli?

Swali: Ndugu zangu, kwa miaka minne nimeendesha baiskeli kutoka Kimara hadi Kariakoo kupitia Barabara ya Morogoro. Tangu Machi kifua hunibana kila ninapopanda mlima jioni nyuma ya malori, na wiki iliyopita bodaboda iliyokuja kinyume, ndani ya njia ya baiskeli, ilinigonga usukani nikaangukia mtaroni. Mke wangu ananisihi niiuze. Nimsikilize?

Jibu: Pole sana, kaka. Kabla ya kuuza chochote, nenda ukapimwe, kwa kuwa kifua kinachobana mlimani chaweza kuwa pumu au hata moyo, na maradhi hayo hayataondoka kwa kupanda daladala. Moshi wa dizeli una chembechembe ndogo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu; mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha mwongozo cha chembechembe hizo hewani, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na barakoa ya kitambaa husaidia kidogo mno.

Jibu: Mimi niliacha, nikahamia mabasi ya mwendokasi. Sijutii, ingawa msongamano wa asubuhi nao ni adhabu yake. Baiskeli naitumia Jumapili alfajiri, kabla malori hayajaamka.

Mwuliza swali: Ahsanteni. Nitapimwa Jumatatu, hadi majibu yatoke, baiskeli itakaa ndani, na ufunguo wa kufuli nimemkabidhi mama watoto.