Mrejesho: gari la zamani lililokuwa likikata mafuta njiani

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu gari langu la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini): linawaka vizuri, linatembea kidogo, kisha linakosa nguvu na kuzima, na likipumzika linawaka tena. Wengi mlisema pampu. Mmoja wenu akashauri nifungue mfuniko wa tenki pale tu linapoanza kukata. Huo ndio ulikuwa ushauri wa dhahabu! Hewa iliingia kwa mluzi na gari likaendelea. Tundu la kupumulia kwenye mfuniko lilikuwa limeziba, kwa hiyo petroli ilipovutwa hewa haikuingia kuchukua nafasi yake, mpaka pampu ikashindwa kuvuta.

Kuzibua tundu kulisaidia sana, lakini tatizo halikuisha kabisa, ndiyo maana nilishusha tenki. Chujio la bomba la kunyonyea lilikuwa limefunikwa na kutu na utando wa kunata wa petroli iliyolala muda mrefu. Nililiosha tenki kwa siki, nikasuuza kwa maji ya magadi, nikalikausha kabisa. Mipira ya mafuta nimebadilisha yote na kuweka inayohimili ethanoli (alkoholi inayochanganywa kwenye petroli), maana mpira wa zamani huliwa na petroli yenye ethanoli.

Tafadhali, tenki tupu msilisogezee moto wala kulichomelea. Mvuke unaobaki ndani unalipuka.

Sasa linapanda milima bila kukata. Kilichobaki ni geji ya mafuta, bado inasoma sifuri. Nadhani boya linaloelea ndani ya tenki kupima mafuta limetoboka, nitalifungua nikipata nafasi.