Tupeane uzoefu: wewe na ndugu yako mlipenda mtu mmoja

Nakuru, Section 58: Habari zenu wadau. Binamu zangu wawili, dada wa mama mmoja, wamekufa kimapenzi juu ya fundi mmoja wa magari na sasa hawasalimiani, mathe yao ananiuliza mimi. Mliopitia hii kitu mlimalizana aje? Na msiniletee Lea na Raheli, Yakobo alichunga mifugo ya mkwe miaka 14 na bado ile nyumba haikuwa na amani.

Butere: Sista mkubwa alileta mchumba nyumbani, akapika kuku na ugali, halafu sista mdogo ndio akapakua. Sasa mnajua kwetu imondo, ile firigisi, ni ya mzee wa boma, hakuna mjadala. Yule msichana akampita baba na sahani akamwekea jamaa firigisi juu kabisa ya nyama zingine. Kimya!! Baba akakohoa, mathe akarudi jikoni, na jamaa bila aibu akaitafuna. Sista mkubwa hakuhitaji kuelezwa. Hakuna aliyeolewa na huyo mtu, lakini hadi leo Krismasi kila mmoja anapikia watoto wake kivyake.

Wa Siaya, niko Kondele: Yangu ni ngumu juu mimi ndio mkubwa. Msichana alikuwa anauza omena Kibuye, nilimweka kwa roho kitambo lakini mdomo mzito, bro akaniwahi. Sasa kwa Wajaluo mdogo haoi kabla ya mkubwa, kwa hivyo bro akawa ananingoja nioe ndio amlete, na mimi kila nikiulizwa nasema bado natafuta, natafuta wapi na mwenye namtaka anakuja kwetu kila Jumapili kuniita shemeji. Wazee wakanisukuma, nikaoa haraka haraka, haikudumu. Watoto wa bro na huyo msichana wananiita baba mkubwa. Bro hajui, na akiniuliza nitakataa.

Bondo: Kondele, usianze kungoja tero sasa 😂 kurithi mjane kwa nguvu imehesabiwa dhuluma kwa sheria ya dhuluma za nyumbani tangu 2015.

Wa Siaya, niko Kondele: Wacha zako, namtakia bro miaka mingi.

Mumias: Sisi Waislamu hiyo kesi ni fupi, Kurani 4:23 imekataza kuoa dada wawili kwa pamoja. Jamaa akaambiwa achague, akachagua mdogo, na mkubwa akajitolea kupika pilau ya harusi. Chumvi ilizidi, watu wakakula tu.