Kishikwambi si mbadala wa kompyuta ya mezani, na tumechoka kuambiwa kwamba shida yetu ni uzee

Wanajamvi, nawasalimu.

Chama chetu cha akiba na mikopo kimeletewa pendekezo la kuondoa kompyuta zote za mezani ofisini na kununua vishikwambi badala yake, na mjumbe wa bodi anapouliza daftari la mikopo litaandikwaje humo, jibu analopewa ni kwamba "wazee wetu mnaogopa teknolojia". Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu. Wengi wetu tunaopinga pendekezo hili tulianza na kompyuta za kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, tukajifunza WordPerfect ya kuandikia na Lotus 1-2-3 ya hesabu, tukaziacha tukahamia Windows na Excel, na hakuna aliyetubembeleza. Hatuogopi chochote. Tunakataa kununua kifaa kisichoweza kazi tuliyonayo kwa sababu tu ni chembamba na kimetoka mwaka huu.

Itazameni kazi yenyewe. Karani wetu hufungua lahajedwali lenye mstari kwa kila mwanachama na safu za hisa, akiba, mkopo, riba na marejesho, huku taarifa ya benki ikiwa wazi pembeni, na printa ya zamani inayotoa stakabadhi zenye nakala ya kaboni ikiwa imechomekwa kwa waya nyuma ya kompyuta. Vidole vyake viko kwenye tarakimu za upande wa kulia wa kibodi na macho yake yako kwenye karatasi. Mpeni mtu huyo kioo cha inchi 10, ambacho karibu nusu yake hufunikwa na kibodi kila anapogusa kisanduku, kisha mniambie atafunga hesabu za mwezi saa ngapi. Mtaalamu aliyetuletea pendekezo, ambaye sidhani kama amewahi kufunga hesabu za mwezi popote, alisema tutanunua kibodi za kuunganisha, na vipanya, na kidude cha kuongezea matundu ya USB. Jumlisheni hayo yote muone kama hamjalipa bei ya kompyuta mpakato na kupata kitu dhaifu kuliko kompyuta mpakato. Kuhusu umeme kukatika, ambayo ndiyo hoja yake pekee yenye uzito, kompyuta mpakato nayo ina betri.

Vijana wanadhani ahadi hii ni mpya. Mwaka 2001 Bill Gates wa Microsoft alisimama katika maonyesho ya kompyuta ya Comdex kule Las Vegas akatabiri kwamba ndani ya miaka mitano kompyuta bapa, yaani ya mtindo wa kishikwambi, ndiyo itakayokuwa aina inayouzwa zaidi Marekani. Miaka mitano ikapita, watu wakaendelea kununua za kawaida. Mwaka 2010 Steve Jobs wa Apple akatoa kishikwambi cha iPad, na miezi michache baadaye akasema kompyuta zitabaki kama malori, za wachache wenye kazi maalumu. Mwaka uliofuata kila kampuni ikakurupuka. HP ilitoa kishikwambi chake, TouchPad, Julai 2011 na kuitelekeza Agosti ya mwaka huohuo, ikauza zilizobaki kwa dola 99. Watengenezaji wa simu za BlackBerry, waliojipatia jina lote kwa barua pepe, waliuza kishikwambi cha PlayBook kisichokuwa na programu yake yenyewe ya barua pepe. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kwa sababu ya vishikwambi vyake vya Surface RT vilivyokosa wanunuzi. Hayo yote yalitangazwa kwa shangwe ileile tunayoisikia leo, na aliyeuliza swali aliitwa aliyepitwa na wakati.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hata iPad iliyofanikiwa imekuwa ikirudi kidogo kidogo kulekule tulikoambiwa kumekufa. Ilipoanza haikuwa na kipanya, tundu la USB wala mahali pa kupangia faili. Programu ya faili ikaja 2017, miaka saba baadaye. Kipanya kikakubaliwa rasmi 2020, na mwaka huohuo ikaletwa kibodi ya iPad Pro, ile ya bei ghali, iliyoanzia dola 299, wakati iPad ya bei nafuu yenyewe iliuzwa dola 329. Vitu ambavyo kompyuta yetu ilikuja navyo ndani ya boksi tunarudishiwa kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake, na tunatakiwa tupige makofi.

Halafu kuna suala la umri wa kifaa, ambalo wauzaji hawaligusi. Aliyenunua iPad ya kwanza mwaka 2010 aliachwa Septemba 2012, toleo la sita la mfumo wake lilipotoka bila kuihusisha. Windows XP ilitoka 2001 na ikaendelea kutunzwa hadi Aprili 2014. Kompyuta zetu za ofisini zimefunguliwa kwa bisibisi mara nyingi: fundi wa Kariakoo hubadilisha diski, huongeza RAM, huweka pawa saplai nyingine, na jioni kazi inaendelea. Kishikwambi kimegandishwa kwa gundi. Betri ikichoka au kioo kikipasuka, mara nyingi fundi huyohuyo atakwambia gharama ya kukitengeneza inakaribia bei ya kipya, na atakuwa anasema kweli.

Sisemi vishikwambi havina kazi. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi na uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, kwa sababu karani wa sensa anatembea nyumba kwa nyumba, amesimama, anagusa majibu kwenye fomu iliyokwisha kuandaliwa. Hata mimi ninacho nyumbani na ninakipenda. Ninasomea magazeti, maana maandishi yanakuzwa hadi miwani yangu inatosheka. Lakini ile fomu ya sensa haikutengenezwa kwenye kishikwambi, na takwimu zilipokusanywa hazikuchambuliwa kwenye kishikwambi. Mtu alikaa mezani.

Mkutano wetu mkuu unakaribia na nitapiga kura ya kulikataa pendekezo hili. Kabla ya hapo, kama kuna mhasibu au karani humu ambaye kwa kweli anafunga hesabu za chama kizima kwa kishikwambi kitupu, bila kibodi ya kuunganisha na bila kumpa mtu mwingine faili akamalizie kwenye kompyuta, naomba aje aeleze anafanyaje, anatumia programu gani na anachukua muda gani. Wauzaji na mawakala wao nawaomba wakae pembeni kwanza.